Dishi la Nei Tiroia Lilipoanza Kunyamaza

Kitu kikifanya kazi hakiulizwi habari. Ndiyo maana kwa miaka mingi hakuna aliyemuuliza Nei, yaani Bi, Tiroia analitunzaje dishi la simu la kisiwa chetu. Lilisimama kwenye ncha ya mashariki, kubwa kama nyumba, kinywa chake kimeelekea upeo wa bahari, na kuku wa katekista walilala kivulini mwake. Jumapili baada ya ibada wanawake walijipanga mlangoni mwa kibanda cha mitambo wakingoja zamu ya simu, nywele zikimeremeta mafuta ya nazi, utadhani waume zao, mabaharia kwenye meli za Wajerumani, wangewaona.

Kabla ya dishi tulikuwa na redio ya upepo, na redio haina siri. Ukimwambia mumeo umemkumbuka, kesho yake kisiwa kizima kinakuuliza umelalaje.

Tiroia alisomea kazi hiyo ng'ambo, Suva, ujanani, akarudi na cheti na mume. Mume alifariki. Binti yao, Meere, alipokua naye akaenda Suva, akabaki huko. Mama akabaki na dishi. Asubuhi alilifuta chumvi, jioni alikaa chini yake akisuka mkeka, na hakuwa mtu wa maneno mengi.

Kisha likaanza kunyamaza.

Halikukatika kama uzi. Lilififia kama taa inayoishiwa mafuta: sauti ikaenda mbali, ikawa mvumo, ikawa kimya. Baada ya saa kadhaa ikarudi kana kwamba haikwenda popote. Ilikuwa hivyo jua lilipokaribia kuzama, na tena alfajiri, siku baada ya siku.

Injinia wa makao makuu Tarawa, Ioteba, alimwita kwa redio.

"Nei Tiroia, sikufichi. Meli ikija huko mwezi ujao, nami nimo. Dishi likiwa bado na kigeugeu, tunalifungua tunalipeleka kisiwa kingine. Kuna watu wanalililia."

"Na sisi?"

"Nyinyi si mna redio?"

Kwa kuwa ilikuwa redio, kisiwa kizima kilisikia. Rabwena, ambaye mumewe alipanda meli wiki mbili tu baada ya harusi, alikuja mbio kibandani akilia. "Mama, nitaongea naye vipi mbele ya mama mkwe na wazee wote?" Tiroia alimpa maji ya kunywa. Hakumwambia kwamba naye alikuwa akiiwaza sauti ya Meere.

Kwetu, kitu kinachokuja mara mbili kwa siku na kuondoka mara mbili kina jina moja tu: bahari. Hata Tiroia na cheti chake hakufikiri mara ya pili. Siku alipoanza kuchunguza, maji yalikuwa yamejaa hadi mizizi ya minazi. Akasema maji ya chumvi yanapanda chini ya mchanga na kulowesha waya. Wanaume wakachimba wiki nzima, wakautoa waya wote, wakauinua juu ya nguzo za minazi. Jioni waliyomaliza wakakaa kusubiri sifa. Bahari ilikuwa imetoka mbali, mwamba mtupu, wanawake wakiokota kome. Dishi likanyamaza.

"Shemeji!" sauti ikatoka juu ya mnazi. Alikuwa Biteti, ndugu wa marehemu mumewe, mgema, aliyekwea kila alfajiri na kila jioni kukata makole yanayotoa tembo. "Bahari imekwenda kwao, mbona mchumba wako bado anazama?"

Watu wakacheka, na majembe yao mikononi.

Basi Tiroia akalishuku jua. Jua la jioni lilipiga mgongo wa dishi, na chuma kikipata joto hutanuka, kiungo kikaachia. Akatundika mikeka mgongoni kote. Akafungua kila kiungo, akafuta, akapaka grisi, akafunga. Akabadilisha kifaa cha kukuza mawimbi kwa kile cha akiba. Kutoka juu Biteti alimwimbia kwamba bibi harusi sasa amevaa, aletwe bwana harusi. Dishi likaendelea na ukimya wake, na meli ikaendelea kukaribia.

Jioni moja Biteti alishuka na kibuyu chake, akamkuta amekaa mlangoni, mikono imejaa grisi.

"Kunywa, shemeji. Bado tamu, halijachacha."

Akanywa. "Leo hunitanii?"

"Hata utani nimechelewa. Mwanzoni lilikuwa linanyamaza mimi nikiwa juu. Naona ile taa nyekundu ya kibandani, inayowaka likinyamaza, nakupigia kelele. Siku hizi nakuta imeshawaka hata kisu sijanoa. Linaniwahi! Na mimi sijawahi kuchelewa mnazi, muulize mke wangu."

Tiroia akashusha kibuyu. Mgema hafuati saa, anafuata jua. Kama dishi linamwahi mgema, basi halifuati jua. Wala si bahari, maana bahari huchelewa kila siku.

Jua lilikuwa limeshazama na giza linaingia. Akainua macho kwa kuchoka tu. Juu ya ukingo wa dishi, upande wa mashariki, kilikuwa kile kishada kidogo cha nyota, Nei Auti, ambacho sisi tukikiona pale saa ya magharibi tunajua msimu wa pepo kali umeingia. Kilikuwa juu sana. Mwezi uliopita, jioni kama ile, kilikuwa kimetoka tu baharini. Kila siku huwahi kidogo, kidogo mno hata jicho halioni, na kwa mwezi kimepanda mbingu.

Akasimama ghafla.

"Shemeji, kuna nini?"

"Nyota," alisema. "Linafuata nyota."

Asubuhi akamwita Ioteba kwa redio. Kisiwa kizima kikasikiliza.

"Hitilafu inafuata nyota?" Ioteba alicheka. "Nei Tiroia, umekunywa tembo la huyo shemeji yako?"

"Nimekunywa. Waulize wenye setilaiti ambayo dishi linaiangalia."

Jibu lilipokuja, Ioteba hakucheka tena. Dishi lilikuwa zima. Setilaiti ilikuwa imezeeka, mafuta yake yamebaki matone, nao wenyewe wameacha kuishika isiyumbe. Sasa inapepesuka kila siku, kaskazini na kusini, na kila mzunguko wake unafuata nyota, haulijui jua letu. Dishi lilikuwa limekodoa macho pale ilipokuwa zamani.

Kwa mwezi mzima Tiroia alikuwa akipapasa waya na nati akitafuta ugonjwa, kumbe kitu chenyewe kilikuwa huko juu, mbali kuliko safari yoyote ya mabaharia wetu, kikizeeka peke yake gizani, na kuzeeka kwake kulikuwa kunasikika katika kibanda cha bati.

Dishi lilikuwa na mkono wa chuma wa kulizungushia, ulioliwa na kutu tangu lilipofungwa. Yeye na Biteti waliulowesha mafuta siku mbili, wakaupigapiga hadi ukakubali. Alasiri, ilipofika saa ya kufifia, Rabwena alikaa ndani akitazama mshale wa kipimo. Tiroia akazungusha kuelekea kusini.

"Unashuka, mama! Unakufa!"

Akarudisha. Akaenda kaskazini, polepole, chuma kikilia.

"Unapanda. Unapanda! Acha hapo!"

Akaacha. Kile chuma chote kilikuwa kimesogea upana wa kiganja.

Meli ilipotia nanga Ioteba alishuka na spana zake ndani ya gunia. Alikaa mchana kutwa kibandani na mshale haukuanguka, kwa sababu nje wanawake walikuwa wakipokezana mkono wa chuma: anayetaka simu azungushe kwanza. Zamu ya Rabwena ilipofika, Ioteba alitoka nje, naye akabaki na mumewe kwenye simu, mlango umefungwa. Mwishowe Ioteba akaomba ajaribu mwenyewe. Akazungusha kidogo, akasikia uzito wote ukigeuka, akaangalia mbinguni mahali ambapo hapakuonekana kitu.

"Itadumu hadi lini?" Tiroia akamuuliza.

"Hata wenye setilaiti hawajui."

Ioteba akalibeba gunia lake hadi kwenye mashua, bila kutoa spana hata moja. Tiroia akashika mkono wa chuma, maana ile setilaiti ilikuwa imeanza kurudi kusini, na foleni bado ilikuwa ndefu.