Siku Pikapu Yangu Ilipokunywa Mafuta ya Wakwe

Hii hadithi nilikuwa nimeapa nitazikwa nayo, lakini kwa vile Mukuyuni nzima imeshaisikia na kila mtu anaongeza chumvi yake (juzi nimesikia ati nilipika chapati juu ya injini), heri niiseme mwenyewe. Mkitaka kucheka chekeni, mimi nilishalia nikamaliza.

Mnajua kazi yangu ni ndengu na mbaazi, leo niko Tawa, kesho Kitui, na nimezunguka hivyo tangu baba Kyalo atuache, mimi na pikapu yangu ya dizeli ambayo ni mzee kuliko mtoto wangu. Sasa mwaka jana nikachoka na kunguni wa loji, nikanunua karavani, ile nyumba ndogo ya magurudumu unayovuta nyuma ya gari, na yangu ina kitanda, ina meza, ina jiko la gesi, ina hadi pazia. Hapo ndipo kichwa kilivimba. Nikifika soko watu wanaacha kununua nyanya wanakuja kuchungulia kitanda changu, na mimi naulizwa, mama, hii gari inaweza kweli kuvuta nyumba? Najibu, hii gari hainywi mafuta, hii inanusa tu.

Basi tangi la pikapu likaoza, likaanza kuvuja, nikaenda kwa fundi pale Tawa akaniwekea chini mawili ya kuchagua, moja refu na kubwa, lingine fupi. Lile kubwa lilitaka gurudumu la akiba lihamishwe na mimi nilale bila gari siku mbili, lile fupi lilikuwa linaingia hapo hapo. Kyalo, mwanangu wa pekee, akaniambia, "Mum, chukua kubwa. Kuvuta nyumba si kama kubeba magunia, gari ikivuta inakunywa." Nikamuuliza yeye ameanza kuendesha lini, na kama anataka kubeba dizeli ya kuuza. Nikachukua lile fupi. Fundi naye akasema nirudi aweke mshale sawa, kwa sababu kile kiboya cha kupima mafuta kilikuwa cha tangi la zamani na kinaweza kusema uongo. Nikamwambia nitarudi. (Mimi na kurudi kwa fundi, nyinyi mnatujua.)

Shida haikuwa tangi peke yake, shida ilikuwa siku. Kyalo alikuwa amempata msichana wa Tseikuru, Mumbua, mtoto mtulivu, mwalimu wa nasari, na baba yake, Mzee Musili, ni mfugaji wa maneno machache ambaye ukimsalimia unahisi umekosea. Mpaka atupe siku ya ntheo tulikuwa tumebembeleza sana. Ntheo ndiyo zile mbuzi zetu Wakamba, zikipokelewa na mmoja akachinjwa kwa kina msichana, basi huyo ni bibi yako. Zisipofika, hata mzae darasa zima, huna mke. Na mzee alikuwa amesema mbele ya watu, "Mbuzi wafike kabla jua halijasimama utosini. Kuna watu wa Kyuso wameshabisha hodi hapa. Mimi sipendi mtu wa kesho." Kyalo aliposikia hiyo ya Kyuso alikonda wiki hiyo hiyo.

Mama Mumbua, mama wa msichana, yeye ni mpole, na tulipoenda kujitambulisha alikuwa na wasiwasi wageni watalala wapi na watakula nini. Na mimi kwa mdomo wangu huu nikamwambia, "Usijisumbue mwaitu, mama yangu, tunakuja na nyumba yetu na jiko letu, hatupungukiwi na kitu." Wekeni hayo maneno hapo, tutayarudia.

Siku ikafika, tukatoka alfajiri, mimi kwa usukani na kitenge kipya, Kyalo kando yangu na suti, nyuma yetu Mzee Nzioka, kaka mkubwa wa marehemu baba Kyalo, ndiye msemaji wetu, mbuzi watatu kule nyuma ya pikapu, na karavani inafuata nyuma na pazia zake. Nilikuwa nimejaza tangi mpaka likatema. Milima ya kutoka Tawa gari ilipanda ikinguruma, nikafurahia hiyo sauti, kumbe ndio kunywa huko. Kufika Mwingi Kyalo akaona kituo cha mafuta, akasema, "Mum, tuongeze." Nikatazama mshale, uko kwa robo. Nikamwambia robo ya gari yangu ni safari nzima ya gari ya mtu mwingine, na saa zinaenda, nikakanyaga.

Tukapita Kyuso. Mshale uko kwa robo. Nikawaonyesha, "Mnaona? Tangu Mwingi haijashuka hata kidogo! Hii gari imebarikiwa." Mzee Nzioka akasema amina.

Mbele kidogo, pahali hakuna nyumba, hakuna duka, ni vichaka na jua, gari ikakohoa mara mbili, ikatetemeka, ikazima. Nikajaribu ufunguo, inalia tu haiwaki. Mshale bado kwa robo! Nikashuka na kitenge changu nikafungua boneti nikaanza kushikashika waya, kwa sababu mafuta sio, mafuta iko robo, ninyi hamuoni? Mzee Nzioka alizunguka polepole na bakora yake, akainama, akagonga tangi. Lililia kama debe tupu.

"Mama Kyalo," akasema, "hapa hakuna kitu."

Woi. Ilikuwa saa nne imeshapita. Tukangoja gari ipite, hakuna. Pikipiki, hakuna. Kyalo akatoa simu ampigie Mumbua aseme ukweli, watume mtu na dizeli, na mimi nikamnyang'anya. Leo wewe huongei na bibi harusi, nikamwambia, haya ni mambo ya wazazi. Lakini si hiyo ndiyo ilikuwa sababu. Sababu ni kwamba niliona vile Mzee Musili ataambiwa mama mwenye nyumba ya magurudumu amekwama barabarani kama mtu hana akili, na wale wa Kyuso wasikie. Nikapiga mimi kwa Mama Mumbua, mtandao ni kijiti kimoja, sauti inakatika, na badala ya kusema gari imezima, imeishiwa na dizeli, nikaanza kuzunguka. "Mwaitu, tuko karibu sana, tumeshapita Kyuso, ni vile tu tumepungukiwa na mafuta kidogo, kama iko mtungi hapo mtume na pikipiki, haraka, tusiwacheleweshe."

"Mafuta?" akauliza.

"Mafuta tu, mwaitu, kidogo."

"Haya, nimesikia," akasema, na nikamuona Kyalo ananiangalia. Nikamwambia, unaona, watu wakubwa wanaongea hivyo.

Kukaa pale kulikuwa kubaya. Jua linapanda, Kyalo anatembea huku na huku anatazama barabara kisha anatazama juu kisha saa yake, mbuzi wanalia kiu, na Mzee Nzioka amekaa kwa ngazi ya karavani akasema, bila kuulizwa, kwamba yeye mwenyewe alishaona ntheo ikirudishwa kwa kuchelewa, na yule kijana hadi leo hajaoa. Nikamwomba anyamaze tafadhali. Mimi huyu wa mdomo nilianza kuomba Mungu kwa sauti.

Pikipiki ikaja ikitimua vumbi, kijana akashusha mtungi wa manjano wa lita ishirini, umejaa, akasema ameambiwa alete mafuta na ana mteja mwingine anamngoja, akageuza akaenda. Nikakata chupa ya soda tukafanya mdomo wa kumiminia. Kyalo akafungua, akanusa, akasema, "Mum, hii haina harufu."

"Mimina, wewe!"

"Na ni nzito..."

"Kyalo! Unataka bibi ama hutaki?"

Akamimina. Akapampu ile pampu ya mkono kwa filta mpaka jasho likapita suti, nikazungusha ufunguo, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, nikiwa nimefunga macho, na gari, haki ya Mungu, ikawaka! Inakohoa, inatikisika kama mgonjwa wa malaria, lakini inaenda. Tukapiga kelele humo ndani kama watu wa harambee. Halafu Mzee Nzioka akanyoosha pua dirishani. "Mimi ni njaa," akasema, "ama kuna mtu anachoma mandazi?"

Nilisikia hiyo harufu na nikajua. Nikajua kabisa, lakini singeweza kusimama, ningesimama gari haingewaka tena, kwa hivyo nilikanyaga na nikanyamaza. Lugha zetu nazo si za kuokoa mtu, kwa Kikamba ni mauta, kwa Kiswahili ni mafuta, ya gari ni hayo, ya kupika ni hayo, hata ya kujipaka miguu.

Tukaingia kwa Mzee Musili jua likiwa limebakisha kidogo tu kufika utosini, na moshi mweupe nyuma yetu unanuka kama kibanda cha viazi karai, watoto wanakimbia wakipiga kelele "Chipo! Chipo!", na pale pale kwa lango gari ikasonga, ikatoa pumzi moja ndefu, ikafa. Pikapu iko ndani, karavani iko nje, hakuna wa kuingia wala kutoka. Wazee wote wamesimama kutoka kwa viti. Wanawake wako huko jikoni, karai liko motoni kavu, unga wa chapati umeshakandwa, hakuna anayefanya kitu.

Mama Mumbua akaja mbio, masikini, akanisalimia vizuri, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini (lakini wote walisikia), "Mwaitu, mmemaliza kupika? Mnaweza kuturudishia yaliyobaki? Yale yalikuwa ndiyo yote. Mlisema mna jiko lenu, tukajua mnatayarisha kitu kwa hiyo nyumba."

Kyalo ndiye alisema, "Mama, tuliweka kwa gari."

Hakuna aliyecheka. Ningependa wacheke. Mzee Musili akatoka kati ya wazee, akaja mpaka kwa tangi, akapitisha kidole pale palipomwagika, akanusa, akakipangusa kwa kitambaa chake taratibu. Mumbua nilimuona kwa mlango wa nyumba ya mama yake, ameshika uso na mikono miwili. Mwanangu amesimama kando yangu na suti ina madoa, na sikuthubutu kumtazama.

"Mama Kyalo," mzee akasema, "mafuta si kitu. Tutachemsha. Na saa, mmefika kwa saa. Lakini nataka kuuliza jambo moja, na hawa wazee wasikie. Ulikuwa umekwama njiani kwangu, kwa wakwe zako, na ukashindwa kusema umekwama. Sasa siku huyu mtoto wangu atapungukiwa huko kwako, atapungukiwa na unga, ama na dawa, ama na amani, atamwambia nani, kama mwenye nyumba mwenyewe hawezi kusema?"

Mzee Nzioka, msemaji wetu, akakohoa akitaka kuniokoa na methali. Mzee Musili akainua mkono. "Nimeuliza yeye."

Jamani, mimi nimebishana na madalali wa soko mbili, nimefokea askari wa barabarani, na hata hapo nilikuwa nimeshafungua mdomo. Nilikuwa na maneno matamu tayari, ya kwamba ni mtandao, ni fundi, ni barabara. Nikaangalia lile tangi fupi, nikaona yote hayo ni kuendelea kuzunguka.

"Nimeishiwa," nikasema. "Niliambiwa na mtoto wangu niweke tangi kubwa nikakataa, kwa sababu nilitaka watu waone gari yangu hainywi. Nikaambiwa Mwingi niongeze, nikakataa. Na hata sasa sina dizeli ya kurudi nyumbani, baba. Naomba msaada." Na hapo machozi yakatoka yenyewe, mbele ya watu wote, na wanja niliokuwa nimepaka.

Mzee akawageukia wenzake, wakanong'ona kitambo, na nawaambia hiyo dakika nilizeeka. Kisha akarudi akamwambia Kyalo, "Shusha mbuzi. Yule wa kuchinjwa ni yupi?"

Kyalo akapanda nyuma ya pikapu na suti yake, akamshusha mwenyewe.

Tulikula nyama ya kuchemsha bila chapati, watu kumi wakasukuma gari kuitoa langoni, na aibu yangu ikasimuliwa Tseikuru kabla hatujanawa mikono. Mficha uchi hazai, wazee walisema zamani, na mimi karibu nimfiche mwanangu mke.

Tangi kubwa liko kwa pikapu sasa, na gurudumu la akiba lilihamishwa, siku mbili hizo hizo nilizokataa. Kujisifu sijaacha kabisa, siwezi kudanganya, lakini nimeapa sitazunguka tena na maneno nikiwa nimekwama. Mumbua amekaa na sisi mwezi wa tatu huu. Mwanzoni alikuwa ananyamaza sana, naona anapika ugali mdogo, siulizi, na yeye hasemi. Halafu asubuhi moja akanikuta nafunga magunia, akasimama hapo anafinya vidole, akasema, "Mama, unga umeisha, na hata mimi sijisikii vizuri."

Niliacha magunia wazi nikaenda naye zahanati, na unga tukapitia tukirudi.