Baba Alipoomba Apunguziwe Faini

Baba alitozwa faini wakati mpunga wetu umeanza kutoa masuke. Watu wa misitu walikuja kwa boti, wakakuta visiki vibichi vya mikoko pembeni mwa shamba. Kipande chenyewe kilichokatwa kilikuwa kidogo, hakizidi ua wa msikiti wetu. Wakamwandikia karatasi: akalipe Kibiti kabla ya mavuno, la sivyo aende mahakamani. Kabla ya mavuno sisi hatuna cha kuuza.

Sisi ni wakuja pale delta, mto unapogawanyika kuingia baharini. Baba alitoka milimani kusini nikiwa bado nabebwa, kwa sababu shamba la babu lilikuwa limechoka. Majirani walimcheka sana. "Mtu wa milimani, matope utayaweza? Kaa watakula mpunga wako, wamalizie na vidole." Msimu wa kwanza kaa walikata miche yote kweli. Wa pili akaotesha miche mahali pa juu, akaihamishia shambani ilipokuwa mirefu na migumu. Tukavuna. Mama alifariki nikiwa darasa la nne, na tangu hapo nyumbani tumebaki mimi na baba.

Alisikia kwamba mtu anaweza kuandika barua akaomba apunguziwe. Yeye hajui kusoma. Mimi nimeishia darasa la saba, basi kazi ikawa yangu. Niliiandika siku tatu, juu ya dungu letu, kile kichanja cha shambani cha kuamia ndege. Baba anasema maneno mawili, anasimama kurusha udongo kwa kombeo, anapiga kelele, anarudi.

"Andika, mama." Ananiita hivyo kwa sababu nina jina la mama yake. "Waambie mimi si mwizi wa magogo. Mimi mkulima."

Nikaandika.

"Sasa waambie nilivyofyeka. Nilianzia kwenye mkondo, nikaja mpaka kwenye ule mkoko mkubwa, ule mkandaa. Mwaka uliofuata nikageukia kusini mpaka kwa jirani. Kote nimekata mwenyewe kwa shoka, sikumwita mtu. Umeandika kwa shoka?"

"Nimeandika, baba."

Kule delta shamba ni la aliyelifyeka. Mwaka mmoja jirani alitaka kuhamisha mpaka, wakaitwa mbele ya mwenyekiti wa kitongoji. Baba alisimama akataja kila mahali alipopitisha shoka lake, mwaka kwa mwaka, na jirani akarudisha mpaka ulipokuwa. Alishinda kwa maneno yaleyale aliyokuwa ananipa sasa. Aliamini mtu akiyasikia atajua huyu ametoa jasho, si wa kuonewa.

Mimi nilisita pale kwenye mkandaa. Nilikumbuka kwamba karatasi ya faini ilitaja kile kipande cha pembeni tu. Nilitaka kuuliza, lakini baba alikuwa amesimama anafukuza ndege huku anacheka, mara ya kwanza tangu boti ile ije. Nikaendelea kuandika. Herufi zangu nilizipanga vizuri, nisimwaibishe.

Tulivuka kwa boti mpaka Nyamisati, tukapanda gari hadi Kibiti. Pale ofisi ya misitu, mama mmoja wa mapokezi aliipokea barua bila kuisoma, akaigonga muhuri, akatuelekeza chumba cha ndani. Afisa alikuwa kijana, akampa baba shikamoo na kiti. Akasoma polepole. Alipofika ukurasa wa pili akarudi tena wa kwanza.

"Mzee wangu, nani kakuandikia?"

"Binti yangu huyu."

"Mwandiko mzuri." Hakuniangalia. Alitoa ramani kabatini, akaweka kidole. "Kwa hiyo kuanzia mkondo huu mpaka huku kusini, pote umefyeka wewe?"

"Mimi, bwana," baba akasema, akakaa sawa kwenye kiti. "Kwa shoka. Hakuna aliyenisaidia."

"Mzee, umekuja kuomba nafuu au umekuja kujishtaki?"

Baba alicheka. Alidhani anataniwa. Afisa hakucheka, na baba akainama kuitazama ramani.

Sijawahi kusema mbele ya watu wa ofisi. Nilisema: "Kaka, naomba hiyo barua niiandike upya."

"Ishagongwa muhuri, dada. Imeshaingia kwenye faili." Akakunja ramani. "Na mimi nimeshaisoma. Nifanyeje?"

Alitueleza taratibu, kama anayeongea na mgonjwa. Eneo lote lile ni hifadhi ya mikoko. Wao walijua kuhusu kile kipande tu, sehemu nyingine walidhani ni mbuga ya zamani, mashamba ya mpunga ya tangu enzi. Faini haitapungua. Alichoweza ni kutusubiri tuvune, tulipe, kisha tuondoke. Baba aliweka dole gumba kwenye wino, akalibandika kwenye karatasi ya kukubali.

Tulirudi Nyamisati kwa gari. Tulipokuwa kwenye boti, mtu mmoja wa kwetu alimuuliza ofisini kulikwendaje. "Barua ya binti yangu wameisoma yote," baba akajibu. Niligeuza uso kwenye maji. Angenigombeza ingekuwa afadhali.

Tulivuna, mpunga ukaenda kwenye faini. Uliobaki tuliula tukiwa tumeshahamia Mtunda, kwa mtu aliyetupa pori lake tulime. Siku ya kwanza mwenye pori alitutembeza, akaonyesha kwa mkono mwanzo na mwisho. Baba alikuwa ameshika shoka, lakini hakulinyanyua.

"Nikifyeka hapa," akauliza, "patakuwa pa nani?"

"Pangu, mzee. Wewe utalima misimu miwili, halafu tutaonana."

Baba aliitikia kwa kichwa kama aliyeelewa. Akachagua mti mdogo, akaanza kukata. Mimi nikawa nyuma yake nakusanya matawi mpaka adhuhuri.