Swali la Kulungu

Miaka hiyo nilikuwa nafundisha walimu watarajiwa wa shule za kaskazini kabisa ya Uswidi, kwa Wasami, wenyeji wa huko, wafugaji wa kulungu wa nchi za theluji. Mimi nilibaki Stockholm, ndani ya chumba chenye skrini, nao walinitokea humo na masweta yao mazito. Mrundi kuwaandalia Wasami walimu! Wenzangu wa kanisani pale Rissne walinicheka mpaka basi. "Dada, walikosa mtu mpaka wakakufuata wewe?"

Kati yao kulikuwa na binti mmoja niliyempenda waziwazi. Shule ya kijiji chao ilibaki na mwalimu mmoja tu, naye anastaafu. Binti akipata cheti, shule inabaki. Akikosa, inafungwa, na watoto wadogo wanapelekwa kulala bweni mjini wiki nzima.

Ikafika siku ya mtihani wa kufundisha. Alifundisha hesabu kulekule kwao, na sisi tukamtazama kwenye skrini, mimi na mtahini mwenzangu, mwenye kauli ya mwisho, Mswidi mpole, msomi kwelikweli. Binti aliwahesabisha watoto samaki na nyavu, wakacheka, wakaelewa. Mtahini akakunja uso. "Hawa ni watoto wa wafugaji. Kwa nini hakuwauliza kwao kuna kulungu wangapi? Somo halikugusa maisha yao." Akamfelisha.

Nilichemka. Kwetu Burundi, ukimuuliza mtu ana ng'ombe wangapi umemvua nguo mbele za watu. Kwa Wasami ni vilevile, anayeuliza idadi ya kulungu anachungulia mfuko wa mwenzake. Nikamweleza hayo kwa upole, halafu kwa sauti iliyofanya watu wa korido nzima watoe vichwa milangoni. Alinisikiliza mpaka mwisho. "Hizo ni mila za watu wazima," akasema. "Hii ni hesabu tu."

Hesabu tu! Jamani! Nikaenda kwa mkuu wa idara. Naye akasema kigezo ni kigezo, somo liguse maisha ya watoto, binti arudie, mbele ya mtahini yuleyule.

Nikampigia simu binti, nikamsihi tukate rufaa hata kama itachukua mwaka.

"Mwaka hatuna," akasema. "Mwalimu wetu anaondoka kiangazi hiki."

Siku ya kurudia, alisimama mbele ya ubao mashavu yamemwiva, akauliza. Kwenu kuna kulungu wangapi? Watoto wakainamia madawati. Akauliza tena. Mvulana mmoja akaanza kutaja idadi, dada yake akamziba mdomo kwa kiganja. Mimi nilitamani kuizima ile skrini. Pembeni yangu mtahini alikuwa anaandika huku anatabasamu. "Safi sana," akasema. "Sasa huyu ni mwalimu."

Mtahini alikwisha kwenda zake binti aliponitokea tena kwenye skrini saa moja baadaye, darasa nyuma yake tupu. Nikataka kumpa hongera, akaniwahi. Akaniambia mama wa yule mvulana, mpishi wa shule, alikuwa mlangoni akasikia kila kitu. Amewachukua wanawe kabla ya kengele, bila hata salamu. Wazazi wengine wameshapigiana simu, wamekuja kuchukua wa kwao.

"Nimefaulu, mwalimu," akasema. "Sasa nitamfundisha nani?"