Pepeta ya Vigingi Vyekundu

Twi. Twi. Twi. Mchi unagonga kinu, mlio laini wa kitu ambacho hakijakauka sawasawa. Mwamvua aliusikia akiwa bado njiani, beseni tupu la chapati kichwani, na miguu yake ikaongeza mwendo kabla hajajua kwa nini. Ulikuwa mwezi wa nane. Mpunga ulishavunwa, umekauka, umewekwa ndani. Mwezi wa nane hakuna nyumba yenye kitu kibichi cha kutwanga.

Mwamvua hajui kutulia. Majirani zake, nje kidogo ya Kibiti, wanamwita Mama Mbiombio. Alizaliwa Maparoni, katikati ya mikoko, akaolewa huku bara, mume akafariki, akabaki na binti mmoja na chuma cha kuchomea chapati. Akajaribu ufuta. Akajaribu matikiti. Akafuga bata, maji ya masika yakaondoka nao. Chapati tu ndizo hazikumtupa, na kila alfajiri akifungua mfuko wa unga huwaza lile lile: nani ameilima ngano hii, na kwa nini asiwe yeye?

Kwa hiyo Hemedy, mtafiti wa kilimo, alipokuja kutafuta mtu mwenye shamba bondeni, ajaribu ngano wakati wa kipupwe kwenye unyevu unaoachwa na mafuriko, Mwamvua alinyoosha mkono kabla maneno hayajaisha.

"Ngano ni ya penye baridi, Mama Mbiombio," alimtania Mashaka, muuza samaki. "Utaifunika blanketi?"

"Nitaifunika kanga ya mkeo," akajibu, na kesho yake alikuwa shambani na jembe.

Hemedy alipanda mbegu za aina mbalimbali, kila mstari na vigingi vyenye rangi yake. "Natafuta mbegu moja tu itakayojaza punje kwenye joto hili," alisema. "Nikiipata, mwakani narudi hapa hapa. Lakini isipoonyesha kitu, wakubwa wangu watasema bonde halifai, na jaribio litahamia milimani."

Joto likaja mapema. Mstari baada ya mstari ukatoa masuke mafupi, matupu, mapepe ya kupeperushwa. Mstari wa vigingi vyekundu peke yake ndio ulisimama. Kila alasiri Mwamvua aliminya punje moja kwa ukucha, akaona maziwa yanatoka, siku zikasogea, maziwa yakawa mazito. Alirudi nyumbani, akakumbuka, akaenda tena kuangalia. Asubuhi akiwa stendi na chapati zake, roho ilikuwa bondeni. Ndipo akamwita mama yake, Bi Sikujua, atoke Maparoni aje amsaidie kuamia ndege.

Bi Sikujua alikaa juu ya dungu, kile kibanda cha miguu mirefu, na kombeo lake na madongo ya udongo. Hakuna ndege aliyeonja.

Sasa Mwamvua aliingia uani akakuta kinu, mama yake ameshika mchi, na majirani wamezunguka sinia lenye nazi iliyokunwa.

"Karibu pepeta, mwanangu!" Bi Sikujua alimwita kwa furaha. "Limbuko lako hili."

Kule kwao, mpunga unapoanza kukomaa, punje zikiwa bado laini, mama mwenye nyumba hukata masuke ya kwanza, huyakaanga, huyatwanga, na huwapelekea majirani kabla ya mavuno. Hakuna anayeomba ruhusa. Shamba lisilotoa pepeta watu hulionea huruma.

"Umekata wapi, mama?"

"Pale kwenye vijiti vyekundu. Kwingine mapepe matupu, ningekata nini? Nimeyavunja kwa mkono, yanakatika vizuri."

"Mbona inanata kwenye meno?" aliuliza jirani yao Nasra, akitafuna. "Kama ubani!"

"Tafuna, shoga, ndiyo ngano hiyo. Ulitaka iteleze?" mwenzake akamjibu.

Wakacheka. Mwamvua aliweka beseni chini, akaliinua, akaliweka tena. Akatoka kwenda shambani, akakuta mstari wa vigingi vyekundu haukubakiwa na suke hata moja, akarudi.

Majirani walipoondoka alimweleza mama yake ile mbegu ilikuwa ya nini. Bi Sikujua alikung'uta makapi kwenye kanga yake.

"Sema ngedere," alisema. "Ngedere huvunja masuke vile vile, na hana wakili. Mtaa mzima umekula mkononi mwangu, Mwamvua. Nitauweka wapi uso wangu?"

Asubuhi Hemedy akaja na pikipiki. Alimwamkia Bi Sikujua, aliyekuwa dunguni, naye akaitikia "Marahaba" huku akitazama upande wa mto. Hemedy akachuchumaa kwenye mstari wa vigingi vyekundu, akapitisha kidole kwenye mabua yaliyovunjika.

"Ngedere?"

Mwamvua alifunga kanga, akaifungua, akaifunga tena.

"Basi," Hemedy akasema. "Pengine hata haikujaza. Yale mengine yote ni mapepe, na huu nao ungekuwa hivyo hivyo." Akang'oa kigingi cha kwanza. Akang'oa cha pili, akavishika pamoja kama mtu anayekusanya kuni. "Nitaandika kuwa joto limeshinda. Usijilaumu, mama. Milimani itakuwa afadhali."

Alipofikia cha tatu, Mwamvua alikiwekea mkono juu. Mikono yake ikatulia. Hakutazama dunguni. Alimsogelea Hemedy, akainama karibu na sikio lake, akasema kwa sauti ambayo aliye juu asingeweza kuisikia:

"Si ngedere. Ilijaa. Tumeila."