Mapovu Kwenye Rejeta

Mimi sikusoma, lakini Matongo nzima hakuna aliyekuwa hajui mlio wa pikapu yangu. Niliuza zizi zima la ng'ombe kuinunua, na kaka yangu mkubwa wa Issenye akanicheka mbele za watu. "Mura, kijana wewe, chuma hakizai!" Nikamjibu kwa kazi. Nilibeba mawe ya dhahabu toka mashimoni mpaka kwenye mashine za kusaga, nikabeba mahindi, nikabeba maharusi. Aliyejenga nyumba ya bati ni mimi, sio yeye.

Mwaka huu ikaanza kuchemsha. Nikipanda kilima na mzigo, mshale wa joto unakimbilia kwenye nyekundu. Mimi sio mtu wa kukimbilia fundi. Nilifungua boneti mwenyewe. Mkanda wa feni umekaza. Mipira ya maji haivuji. Chini ya gari pakavu kabisa, lakini kila asubuhi maji yamepungua. Sasa yanakwenda wapi? Nikatoa tamostati, kile kidude kinachozuia maji yasizunguke mpaka injini ipate moto. Huku wote tunaitoa, tunasema ni ya nchi za baridi. Wapi! Nikaosha matope ya machimbo kwenye rejeta. Wapi!

Siku moja natoka Nyambureti na magunia, ikachemka tena. Sasa mimi nimekulia nyuma ya maksai. Maksai akihema kwenye jembe unamfungua, unampa maji, anainuka. Basi nikachota mtoni, nikamimina palepale huku mvuke unanipiga usoni. Kila mara nilifanya hivyo, na kila mara iliwaka tukaondoka. Nani angesema nakosea?

Safari hii iliwaka kwa kukohoa, inatoa moshi mweupe nyuma. Nikaikokota mpaka nyumbani, nikamwita fundi, kijana wa Mwanza aliyekuja kutafuta dhahabu akaishia kwenye spana.

"Shikamoo mzee. Acha mfuniko wa rejeta wazi, halafu washa."

Nikawasha. Injini haijapata hata joto, maji yakaanza kutoa mapovu kama uji jikoni.

"Umeona? Moshi wa injini unaingia kwenye maji. Silinda hedi, hiki kifuniko cha juu ya injini, imepasuka. Kwani huwa unaipa maji ya baridi ikiwa imechemka?"

"Ulitaka niipe soda?"

Hakucheka. "Chungu cha moto ukikimwagia maji baridi kinafanyaje, mzee? Ungemuuliza mama hapo ndani."

"Basi ichomelewe."

"Ilishachomelewa kabla hujainunua, alama hii hapa. Na kwa mapovu mengi hivi, ufa umeshuka mpaka kwenye bloku, mwili wenyewe wa injini. Hii ni ya kutafuta injini nyingine tu."

Injini nyingine ni zizi lingine, na mimi zizi sina. Niliendelea kuangalia yale mapovu mpaka fundi mwenyewe akazima gari.

Kwetu ng'ombe akivunjika mguu, majirani wanakuja, kila mmoja ananunua fungu lake la nyama, ili hasara isimwangukie mtu mmoja. Kaka alipanda bodaboda akaja. Akaizunguka pikapu mikono nyuma, kama anavyomzunguka ng'ombe aliyelala. Nikangoja anicheke. Hakucheka, na hapo ndipo nilipojua kwamba nimekwisha.

"Betri ni nzima?" aliuliza taratibu. "Nitaichukua, niifunge kwenye sola."

Jirani akasema matairi yatamfaa kwenye mkokoteni wa maksai. Mwingine akaulizia kiti, akakikalia akakinesanesa, kisha akaona aibu akashuka. Hawakuwa na ubaya. Walikuja kunisaidia.

Yule jirani wa matairi akashika spana, akaanza kuhangaika na nati ya gurudumu.

"Lete hapa," nikamwambia. "Utaiharibu." Kijiji kizima hakuna anayeijua gari hii kama mimi. Nikapiga magoti, nikaanza kufungua.