Mama Futi na dawa ya uzi mweusi

Saa kumi na mbili na robo asubuhi, cherehani bado imefunikwa shuka, lakini mikono ya fundi iko kazini tayari. Binti yake amelala kifudifudi juu ya mito miwili, kiuno juu, kichwa chini. Mama anampiga mgongoni kwa viganja vilivyokunjwa kama kikombe. Pa, pa, pa. Kulia, kushoto, mbavuni.

Mpangaji mpya wa chumba cha pili anagonga ukuta. "Jamani, Mama Futi! Binti mkubwa hivyo bado unamchapa?"

"Ananichapa, na ni mimi mwenyewe niliyeomba!" anajibu binti. Kisha anakohoa mpaka macho yanamtoka machozi, anatema makohozi kwenye kopo, na wote wawili wanayainamia kama watu wanaokagua kitambaa dukani.

"Meupe," anasema mama. "Leo tunakwenda vizuri."

Wateja humwita Mama Futi kwa sababu futi ya kupimia haimtoki shingoni, hata akienda msibani. Binti yake ana miaka kumi na minane, na nyumbani huitwa Kitinda kwa kuwa ndiye wa mwisho kuzaliwa. Ana sistiki fibrosisi, ugonjwa wa kurithi unaoufanya ute wa mwilini uwe mzito kama gundi, ukaziba mapafu na kuzuia chakula kisisagike tumboni. Kwa jirani hauambukizi. Hauna tiba ya kuumaliza, ila ukijitunza unaishi nao. Viganja vya kila asubuhi ni vya kuulegeza ute huo utoke kwa kikohozi.

Leo ni siku ya kliniki ya watu wazima. Kwa mara ya kwanza Kitinda ataingia kwa daktari peke yake, na mama atakaa nje. Mama amekubali, lakini somo lililomfikisha hapo nusura limchukulie mtoto.

Ugonjwa ulianza kujionyesha mapema. "Nilipombusu kwenye paji la uso, midomo yangu ilibaki na chumvi," anasema. "Nikadhani ni jasho la joto tu. Mama mwenzangu, ukionja chumvi kwa mtoto asiyenenepa, usikae nyumbani ukasubiri."

Yeye alisubiri. Kitinda alinyonya vizuri na hakuongezeka kilo. Alitibiwa kifua kikuu mara mbili bila nafuu. Alikuwa na miaka minne daktari wa watoto alipopima jasho lake na kujua.

Nyumbani maneno yakaanza. Wifi yake, dada wa mumewe, alikuja akasimama mlangoni, hata kukaa hakukaa. "Kwetu hakuna kikohozi cha namna hii," alisema. "Umekuja nacho kwenye sanduku lako."

Daktari akashauri baba na mama wapimwe vinasaba. Majibu yalipotoka, wote wawili walikuwa wamebeba kinasaba cha ugonjwa huo.

"Alituambia mtoto hurithi vipande viwili, kimoja cha baba, kimoja cha mama," anaeleza Mama Futi. "Ukiwa na kibovu kimoja huugui, wala hujui. Vibovu viwili vikikutana kwa mtoto, ndiyo haya. Na kila mimba, nafasi ni moja kati ya nne."

Mumewe, fundi baiskeli asiye na maneno mengi, aliichukua karatasi ile kwa mikono yenye grisi na kwenda nayo moja kwa moja kwa dada yake. "Dada," alimwambia, "lile sanduku lilikuwa na mishikio miwili. Mmoja nilishika mimi."

Tangu hapo maisha yakawa vidonge. Vya kusaga chakula kila anapotia kitu mdomoni, vitamini, antibiotiki, na dawa ya mvuke ya kuvuta kwa mashine. Kwa siku vidonge hufika ishirini na viwili. Fundi aliyekuwa akishona nguo nne kwa siku akajikuta akimaliza mbili, na siku ya kliniki hamalizi hata moja.

Mama Futi aliishia darasa la saba, na majina ya dawa yalimshinda ulimi. Akatumia alichokijua. Alishona vifuko vya kitambaa, kila dawa na kifuko chake, kila kifuko na uzi wake. Mwekundu, kabla ya kula. Kijani, asubuhi. Bluu, wa mashine. Na kimoja cha uzi mweusi, ndani yake pakiti tupu ya dawa iliyowahi kumvimbisha Kitinda koo. Hiyo asipewe kamwe. Kila daktari mpya alionyeshwa.

"Miaka kumi na minne sikukosea hata kidonge," anasema. "Nilijisifu. Kumbe kosa lilikuwa ndani ya hiyo sifa."

Miezi mitano iliyopita alisafiri kwenda kumzika shangazi yake. Vifuko vya kila siku alimwachia binti. Kile cha uzi mweusi kilibaki ndani ya mkoba wake, mahali pake pa siku zote. Siku ya pili Kitinda akapandisha homa, kifua kikambana. Baba alimkimbiza hospitali ile ile waliyoizoea, lakini wodi ya watoto ilimkataa, maana alishatimiza miaka kumi na minane. Akapelekwa jengo la watu wazima, ng'ambo ya ua. Jalada lake halikwenda naye. Jalada halina miguu, na hakuna aliyelibeba.

Muuguzi alimuuliza Kitinda, "Kuna dawa inayokudhuru?"

"Ndiyo. Ile ya uzi mweusi."

"Mwanangu, duka la dawa halina nyuzi. Jina lake?"

Kitinda akamgeukia baba yake. Baba naye aliujua uzi tu.

Dawa ilishaandikwa na chupa ilishatundikwa. Bahati yao, muuguzi yule hakufungua mrija. Alipiga simu ya mama mara tatu, haikupatikana. Chaji ilikuwa imeisha. Mara ya nne, ikiwa imeshachajiwa kidogo, ikaita, na Mama Futi, katikati ya waombolezaji, akafungua mkoba na kusoma jina la pakiti, herufi moja baada ya nyingine, akilia.

Lilikuwa jina lile lile lililoandikwa kwenye chupa.

Aliporudi hakumlaumu mtu. "Nimefundisha wasichana kumi na mmoja kukata nguo," anasema, "na hakuna niliyemshikia mkasi mpaka mwisho. Huyu wangu nilimshikia miaka yote. Nikadhani ndiyo mapenzi."

Akamfundisha kama anavyofundisha ufundi. Mwezi wa kwanza unatazama, wa pili unafanya mbele yangu, wa tatu unafanya nikiwa nimekupa mgongo. Kitinda akaandika majina yote kwenye daftari, akayasema huku mama akikanyaga pedali. Akikosea, cherehani inasimama.

"Mama, wewe mwenyewe huyajui!" alilalamika siku moja.

"Siyajui, lakini uso wako ukidanganya naujua. Anza upya."

Jalada nalo walilifuata pamoja, dirisha kwa dirisha, kwa siku mbili, mpaka likavuka ua.

Saa nne na nusu, Kitinda anaingia chumba cha daktari na mlango unafungwa. Mama Futi anabaki kwenye benchi, futi shingoni, akiivingirisha kidoleni na kuivingirua. Mara mbili anasimama. Mara mbili muuguzi yule yule anamtazama, naye anakaa.

Kupitia mlango sauti ya binti inasikika ikitaja dawa moja, mbili, mpaka sita. Kisha: "Na hii nisipewe kamwe, inanivimbisha koo." Analitaja jina lake lote, bila kigugumizi.

Jioni, mezani, wanafumua nyuzi za vifuko. Kitinda anaanza kudarizi majina badala yake, kwa herufi kubwa. Wodi ya watoto imeomba vifuko ishirini vya namna hiyo, na mama ana sharti moja: kila mtoto anayejua kuandika aandike jina la dawa mwenyewe, fundi afuatishe juu yake.

Kuna kazi nyingine pia. Wifi amemleta binti yake anayetaka kuolewa, apimwe gauni. "Gauni nitashona," Mama Futi alimwambia. "Kwanza akapimwe vinasaba, na mchumba wake naye. Nitasubiri."

"Hicho kipimo hupimwa dirisha gani?" aliuliza wifi. Safari hii alikuwa amekaa.

Kliniki ijayo ni baada ya miezi mitatu. Mama Futi anasema hatakwenda kabisa, atabaki kazini.

"Utaweza kweli?" anauliza Kitinda bila kuinua macho kutoka kwenye sindano.

"Nitaweza. Simu nitaijaza chaji niiweke hapa, karibu na mkasi. Na wewe usinipigie."