Sifuri ya Baba

Baba yangu hakuhamia upinzani kwa sababu ya itikadi. Alihama kwa hasira. Alikuwa amekaa ndani ya chama tangu ujana wake, amekuwa balozi wa nyumba kumi, ameimba nyimbo zote na kupokea wageni wote, na siku alipoomba kugombea uenyekiti wa kitongoji, kura za maoni zikampa mwenye duka. Kesho yake baba akarudisha kadi. Fulana ya kijani ya chama hakuirudisha, kwa kuwa ilikuwa bado nzima, akaendelea kuivaa akipalilia mbaazi.

Akagombea kwa chama kingine, ambacho katika kitongoji chetu, huko upande wa Busi, kilikuwa na wanachama wawili: yeye na bendera. Akashinda. Miaka ile mambo kama hayo yalikuwa bado yanatokea, na kura zilihesabiwa kwa sauti, watu wakichungulia madirishani.

Mimi nilikuwa nimeshaajiriwa Dodoma, katika ofisi ya serikali, nimepanga chumba na sebule Makole. Habari za ushindi wa baba zilifika ofisini kabla sijazisema. Mkuu wangu wa kitengo, ambaye kwa miaka yote hakuwahi kuniuliza habari za nyumbani, akaanza kuniuliza kila Jumatatu, "Mzee wako hajambo?" Nikawa namjibu hajambo, anakusalimu. Baba hakuwa anamfahamu.

Mwaka wa pili wa uenyekiti wake, mradi wa maji ukaja. Mabomba yalishuka kutoka kwenye tangi la kijiji, yakapita kitongoji cha jirani, yakafika kwenye kona ya msikiti ambapo kitongoji chetu kinaanzia, yakaishia hapo. Kiongozi aliyekuja kuzindua alieleza sababu kwenye kipaza sauti bila kuficha. Maendeleo, alisema, yanawafuata wanaoelewana na serikali yao, na waliochagua vinginevyo wavute subira. Watu wa kwetu nao walipiga makofi, kwa kuwa wamezoea kupiga makofi mtu akimaliza kusema.

Baba alikwenda wilayani kufuatilia mara nyingi kiasi kwamba mlinzi wa getini alianza kumwita shemeji. Kila mara aliambiwa suala lake linafanyiwa kazi, na kila mara alirudi nyumbani akitueleza hivyo kwa uso wa mtu aliyefanikiwa. Mama alikuwa akimsikiliza huku akijisugua shingo.

Maji yetu yalitoka korongoni. Unafukua mchanga kwa mikono mpaka uone unyevu, unasubiri maji yajikusanye, unachota kwa kikombe mpaka ndoo ijae, kisha unapanda nayo mlima ikiwa kichwani. Mama aliifanya kazi hiyo tangu alipoolewa, lakini sasa njia ilipita kwenye bomba la jirani, na wanawake wa pale walikuwa wamekaa kwenye ndoo zao wanapiga soga. Mama alikuwa akiwasalimia vizuri sana. Nyumbani ndiko alikokuwa hasalimii mtu.

Ikapita miaka mitano, uchaguzi ukarudi. Safari hii wagombea wa upinzani wa vitongoji vya jirani walienguliwa karibu wote. Mmoja, mwalimu mstaafu, aliambiwa hajui kusoma na kuandika. Baba akapitishwa. Hatukujua kwa nini, na yeye akaiona kuwa ni heshima. Mshindani wake alikuwa yule yule mwenye duka. Kwenye kampeni baba alizungumza kwa kirefu kuhusu utawala bora, njia ya kwenda zahanati na ushuru wa mazao. Mwenye duka alisema "maji" akakaa chini.

Siku ya kupiga kura nilikuwa nimekuja nyumbani na sukari na mafuta ya kula. Kura yangu ilikuwa Makole, nilikojiandikisha, kwa hiyo nilikuwa mgeni tu. Asubuhi nikamfuata mama jikoni, anakoroga uji wa uwele.

"Leo baba yako simpi," akasema.

"Mama."

"Simpi. Si kwamba simpendi. Shingo inaniuma."

Nikamwambia kura ni siri, asiniambie. Akasema anajua ni siri, ndiyo maana anamwambia mtu mmoja tu.

Waliondoka pamoja kwenda shuleni, kwenye kituo. Baba alivaa kanzu na koti, akafungua mwavuli kumkinga mama na jua, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya. Kwenye foleni alimpisha atangulie. Nilikuwa nimesimama nje ya kamba, nina hasira, na kwa muda nilidhani namkasirikia mama. Kisha nikaangalia ile kona ya msikiti, mahali bomba lilipoishia, nikajua nimkasirikie nani, ila hakuwepo pale.

Jioni mawakala waliambiwa wasubiri nje kwa sababu za kiusalama. Kura zikahesabiwa ndani, milango imefungwa, madirisha yamefungwa, na mahesabu yakaisha upesi. Msimamizi akatoka akasimama kwenye ngazi. Akamsoma mwenye duka kwa idadi iliyozidi kidogo watu niliowaona kwenye foleni. Kisha akasoma jina la baba, akasema sifuri.

Baba akanyoosha mkono, kama alivyozoea kwenye vikao.

"Samahani, mheshimiwa. Na ile niliyopiga mimi mwenyewe?"

"Matokeo ndiyo hayo, mzee," akasema msimamizi, akapanda pikipiki.

Baadhi ya watu walicheka. Kicheko hakikudumu. Kila mtu alikuwa anakumbuka kura yake aliiweka wapi.

Mimi nilikuwa namtazama mama. Nilimwona anashusha pumzi. Alikuwa amejiandaa kumwona mumewe anashindwa kwa kura chache, kisha aishi naye nyumba moja akiulizwa na macho yake kila siku. Sasa kulikuwa na sifuri. Ndani ya sifuri hakuna anayeweza kumnyooshea mwenzake kidole, na siri yake ilikuwa imefunikwa na serikali yenyewe.

Kesho yake watu wakaanza kuja kumpa baba pole, kama kwenye msiba. Tulitandika mkeka barazani, tukachemsha chai. Waliingia mmoja mmoja: asalaam aleikum, shikamoo Mwenyekiti, pole sana, mimi kura yangu nilikupa. Baba akawa anawashukuru wote kwa mkono. Mpaka alasiri alikuwa amepewa kura nyingi kuliko mwaka ule alioshinda. Katibu wa tawi la chama tawala, rafiki yake wa tangu utotoni, naye akaja, akainama akamnong'oneza kwamba hata yeye, Mungu ni shahidi, alimpa. Baba akamshukuru naye, akamwongezea sukari.

"Kwa hesabu ya mkeka huu," akaniambia wageni walipopungua, "nimeshinda kwa kishindo."

Mama alikuwa anakusanya vikombe. Aliposikia hivyo akaviweka chini, akakaa pembeni ya mkeka. Nilimkonyeza. Nilimtolea macho. Nilitamani nimzibe mdomo, maana hakukuwa na sababu yoyote duniani ya yeye kusema.

"Mzee, mimi sikukupa."

Baba alimtazama.

"Ulimpa yule wa duka?"

"Niliyapa maji."

Baba akavua kofia, akaikunja, akaiweka gotini.

"Basi," akasema hatimaye, "kuna kura moja wameihesabu sawasawa."

Hakulisema kwa kejeli. Naamini alikuwa anamfariji. Lakini mama alianza kulia, na mama yangu si mtu wa kulia.

"Kwa hiyo hata kama ningekupa wewe ingekuwa sifuri?"

"Hata ungenipa mara kumi."

"Basi nimekukosea bure."

Mimi nilishuka barazani, nikasimama karibu na pipa la maji lililokuwa tupu, nikalia na mimi. Nimefanya kazi serikalini muda wa kutosha na nimesikia watu wengi wakilalamika kwamba kura zao zimeibwa. Sikuwahi kumsikia mwingine ambaye kura yake ilikwenda pale pale alipoitaka, na bado akawa ameibiwa.

Asubuhi iliyofuata niliamka nikasikia vyuma vinagongana uani. Baba, kwa kuwa hakuwa tena na vikao, alikuwa anafunga madumu kwenye baiskeli kwa mpira wa tairi. Alikuwa amevaa ile fulana ya kijani, ambayo sasa imepauka na kutoboka begani. Hakusema anakwenda wapi. Katika maisha yangu sikuwahi kumwona baba akienda korongoni kuchota maji, na kwa namna alivyoyafunga yale madumu, mdomo wa moja ukiwa umeelekea chini, ilionekana hata yeye hajawahi.

Mama alitoka akasimama mlangoni, mkono shingoni, akamtazama anavyoisukuma baiskeli kuteremka mpaka akapotea nyuma ya miti ya mbaazi.

"Angeanza hivi tangu mwanzo," akasema, "kura ningempa."

Sikumkumbusha kwamba bado angepata sifuri. Alikuwa anajua.